Kambi fupi ya kuvua trauti Aberdare: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetoka Nairobi, Nakuru au Nyeri, mwenye Ijumaa hadi Jumapili tu, na anayetaka kuvua akiwa amesimama ndani ya mto badala ya kukaa kando ya bwawa la kulipia. Neno moja kabla hatujaanza: safari za aina hii huharibiwa na baridi na mvua mara nyingi zaidi kuliko zinavyoharibiwa na kutojua kurusha mshipi. Kwa hiyo usishangae ukiona tumezungumzia soksi kuliko ndoano.

Kwani Kenya ina trauti?

Wapo, na wameshapita karne moja. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura, upande wa mashariki wa milima ya Aberdare, yaani Nyandarua. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao asilia ni upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Kuwatofautisha si kazi. Wa kahawia ana madoa meusi na mekundu, mengi yakiwa yamezungushiwa duara jeupe. Wa upinde wa mvua ana mstari wa waridi ubavuni na vidoadoa vyeusi mpaka kwenye mkia. Wote wawili wanataka maji baridi yenye hewa ya kutosha. Maji yakizidi nyuzi 20 hivi wanaanza kuteseka, ndiyo maana mto uleule uliojaa trauti huko juu hauna hata mmoja ukishafika kwenye mashamba ya mpunga.

Mara ya kwanza niende mto gani?

Nenda kwenye nyanda za juu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, uvue Chania au Magura. Huko juu mito bado ni midogo, unaona sakafu yake, na kingo ni za nyasi ndefu badala ya msitu, kwa hiyo mshipi wako haunasi kila tawi. Shirika la wanyamapori la Kenya (KWS) lina nyumba za kupangisha ziitwazo Fishing Lodge pamoja na sehemu za kupiga hema maeneo hayohayo.

Gura iache kwa safari ya pili au ya tatu. Watu wa Nyeri hupenda kusema ndio mto wenye kasi kuliko yote Afrika. Sijui nani aliupima, ila ukiingiza mguu hutabisha. Na popote utakapovua Aberdare kumbuka kwamba hii ni milima ya maporomoko: Karuru peke yake huanguka mita 273 kwa ngazi tatu. Usiingie majini juu ya poromoko lolote, hata kama maji yanaonekana ya vifundo vya miguu.

Mlima Kenya nao una mito mizuri: Naro Moru, Burguret, Liki, Thego, Ragati. Maziwa yake, kama Rutundu na Alice, yana trauti wakubwa zaidi, na Rutundu ilipata umaarufu wa ziada mwaka 2010, Prince William alipomchumbia Kate Middleton huko. Lakini ziwa linataka namna nyingine ya kuvua, na kufika tu kunakula sehemu kubwa ya wikendi.

Usiku mmoja hautoshi?

Unatosha kuchoka. Siku ya kwanza huisha barabarani, getini na kwenye kusimamisha hema. Weka usiku wa pili ili upate Jumamosi nzima mtoni. Mto mmoja, kambi moja. Ukianza kupanga kuvua Chania asubuhi na Mlima Kenya jioni, utakuwa umepanga kuendesha gari.

Msimu mzuri ni upi?

Januari na Februari ndiyo miezi ya kutegemewa: mito imeshuka, maji meupe, jua lipo. Julai hadi Septemba pia kunavulika, lakini Julai na Agosti ukungu unaweza kukaa milimani kutwa nzima na baridi yake si ya mchezo. Epuka Machi hadi Mei, wakati wa mvua za masika. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, hazitabiriki. Unaweza kupata siku mbili safi, unaweza pia kukwama kwenye tope na gari lako.

Ukifika ukakuta mto una rangi ya chai ya maziwa, weka fimbo chini. Samaki haoni nzi wako wa bandia (ndoano iliyopambwa kama mdudu), na wewe huoni unakokanyaga. Mito hii midogo hujaa upesi na husafika upesi, kwa hiyo mara nyingi kesho yake asubuhi panavulika tena.

Nahitaji vibali gani?

Viwili. Cha kwanza ni kiingilio cha hifadhi na ada ya kambi, ambazo hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen kabla hujafika. Getini hawapokei pesa taslimu, na mtandao wa simu kule ni wa bahati, kwa hiyo lipa ukiwa bado mjini na uhifadhi risiti kwenye simu. Cha pili ni leseni ya uvuvi wa michezo, iliyo chini ya Kenya Fisheries Service. Uliza mapema ofisi ya uvuvi ya Nyeri au hifadhi yenyewe wapi utaipata siku hiyo, hasa ukisafiri wikendi. Ukifika getini uliza pia idadi ya samaki unaoruhusiwa kuchukua na urefu wa chini kabisa.

Ada hubadilika, kwa hiyo hatuandiki bei hapa. Beba kitambulisho au pasipoti, maana kiwango unacholipa kinategemea uraia wako.

Napitia wapi, na gari gani linafaa?

Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150 za lami. Kutoka Nyeri unapanda hadi lango la Kiandongoro. Anayetoka Naivasha au Kinangop huingia kwa lango la Mutubio upande wa magharibi, na barabara inayounganisha malango hayo mawili hukatiza nyanda za juu kabisa. Ndani ya hifadhi ni udongo na mawe. Gari la 4x4 lenye tumbo la juu ndilo jibu, hata wakati wa kiangazi. Jaza mafuta mjini. Beba jembe dogo, kamba ya kuvutia na mtu mmoja asiyeona aibu kusukuma.

Lazima niwe na zile suruali za mpira zinazofika kifuani?

Si lazima, na kwa mito midogo wengi huzikosea matumizi: mtu akishazivaa hujiona ana ruhusa ya kuingia hadi kiunoni. Ukiwa nazo, kaza mkanda kiunoni kila wakati ili ukianguka maji yasijae miguuni.

Usipokuwa nazo, ingia mtoni na suruali nyepesi inayokauka haraka, soksi nene za sufu na viatu vya kamba vyenye kisigino kilichoshika vizuri. Utaloa, ndiyo, na maji ni ya baridi kweli. Dawa yake ni kutoka nje kila baada ya dakika ishirini au thelathini, utembee, unywe chai. Miguu ikifa ganzi umechelewa kutoka, kwa sababu mguu usiohisi jiwe ndio unaoteleza.

Gambuti tafadhali acha kambini. Zinafaa kwa tope la asubuhi, lakini zikijaa maji mtoni kila mguu unageuka mzigo.

Kuhusu kuteleza kuna ujanja wa bei rahisi: vaa soksi kuukuu za sufu juu ya viatu. Sufu hushika jiwe lenye utelezi vizuri kuliko mpira mtupu. Zitachanika, lakini ndiyo kazi uliyozipa. Na kabla ya kununua koti jipya la mvua kwa bei ya dukani, pita Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Makoti ya watu wa nchi za baridi huishia pale, na mengine hayajavaliwa mara tatu.

Natembeaje majini bila kuanguka?

Kwanza usikimbilie kuingia. Simama ukingoni uangalie mkondo unaelekea wapi na, la muhimu zaidi, utatokea wapi. Watu wengi huingia mahali pazuri wakasukumwa polepole mpaka mahali pasipo na pa kutokea.

Ukiwa ndani, simama ubavu kwa mkondo. Ukiupa kifua au mgongo, maji yanapata ubao mpana wa kusukuma. Kata mti mkavu ulioanguka, au beba fimbo ya kutembelea, na uichomeke upande wa juu, kule maji yanakotoka. Halafu buruta mguu. Usiunyanyue. Mguu wa mbele unatambaa juu ya sakafu, unapapasa jiwe, unaingia kwenye nafasi kati ya mawe mawili badala ya kupanda juu ya moja. Ukishatulia kabisa, ndipo wa nyuma unaufuata. Usipishanishe miguu. Unakuwa daima na nukta mbili chini: miguu miwili, au mguu na fimbo.

Kina cha magoti kinatosha. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu samaki wengi wa Chania huvuliwa na mtu aliyesimama kwenye maji ya muundi. Nguvu ya maji ya mapajani haifanani hata kidogo na ya magotini, na samaki unayemfuata kule katikati mara nyingi alikuwa amekaa palepale ulipokanyaga ulipoingia.

Ukivuka na begi mgongoni, fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani ili uweze kulivua. Ukianguka, iache fimbo ya kuvulia iende. Lala chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, na jipigie mikono kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama mpaka umefika kwenye maji machache sana. Mguu ukibanwa kati ya mawe huku mkondo ukikusukuma, hata maji ya kiunoni yanaua.

Tazama pia vilele. Jua linaweza kukuwakia huku mvua inanyesha kilomita kadhaa juu yako. Ukiona majani na vijiti vinaanza kupita, au jiwe ulilokuwa unaliona limefunikwa, toka bila mjadala.

Fimbo gani, na nzi gani?

Fimbo nyepesi ya namba 4 au 5 (namba hiyo hutaja uzito wa mshipi), urefu wa futi saba na nusu hadi tisa, na mshipi unaoelea. Mwisho wa mshipi funga nailoni nyembamba inayokaribia urefu wa fimbo yako. Rili iwe yoyote isiyokwama, maana kwa samaki wa urefu wa kiganja na nusu rili ni ghala la mshipi tu.

Huku uvuvi wa trauti ni wa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Na hapa Mkenya ana la kujivunia: kufunga nzi kwa mkono ni kazi ya miaka mingi nchini, na nzi wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani wametoka kwenye meza za mafundi wa hapa. Kwa hiyo usiagize ng'ambo kitu kilichotoka kwa jirani yako. Chukua wachache wa rangi nyeusi na kahawia, ndoano za namba 12 hadi 16, nusu wa kuzama na nusu wa kuelea. Kenya Bug, nzi mweusi wa kuzama, amevua samaki kuliko wengi wenye majina ya kifahari.

Ukitaka kujua uanze na yupi, inua jiwe moja mtoni uligeuze. Utaona vijidudu vya kahawia, bapa, vyenye mikia myembamba mitatu, vikikimbia kuingia upande wenye kivuli. Hicho ndicho chakula. Tafuta kwenye kisanduku chako kinachokaribia ukubwa na rangi ile, kisha rudisha jiwe lilivyokuwa.

Bana kile kijimwiba kilicho nyuma ya ncha ya ndoano kwa koleo kabla ya kuanza. Kitamsaidia samaki unayemwachilia, na kitakusaidia zaidi siku ndoano itakapoingia kwenye sikio la mwenzako.

Trauti wanakaa wapi mtoni?

Trauti hutazama kule maji yanakotoka, kwa sababu chakula kinaletwa na mkondo. Hataki kupigana na maji kutwa nzima, kwa hiyo hukaa mahali palipotulia kando ya mahali penye kasi: nyuma ya jiwe, mbele kidogo ya jiwe, chini ya ukingo uliomomonyoka, au kwenye ule mstari wa povu ambapo maji ya haraka hugusana na maji ya polepole. Povu likipita pale, chakula nacho kinapita pale.

Kwa hiyo vua ukipanda mto. Unamjia kwa nyuma, na tope unalotibua linaelekea chini, mbali naye. Rusha nzi juu yake, aje akielea kwa mwendo uleule wa povu. Nzi akianza kuchora mstari juu ya maji, trauti amejua. Rusha mara tatu nne mahali pamoja, kisha panda hatua chache. Mgeni hukaa dimbwi moja saa nzima kwa sababu ni zuri. Mwenyeji anapita madimbwi kumi.

Nguo za rangi iliyokoza ziache nyumbani. Kivuli chako kikiangukia dimbwi, hesabu dimbwi hilo limekwisha.

Na wanyama?

Swali hili ndilo la kuulizwa kwanza. Aberdare ina nyati, tembo, chui na fisi. Nyati hulala vichakani karibu na maji, na tembo hutumia njia zilezile za kushukia mtoni ambazo wewe utazipenda kwa urahisi wake. Tena sauti ya maji hufunika mlio wa matawi: hamsikii ninyi, na wao hawawasikii.

Omba askari wa KWS awasindikize na ulipie huduma hiyo. Yeye anatazama kichaka, wewe unatazama nzi. Akisema tuondoke, mnaondoka, hata kama ndio kwanza samaki ameanza kula. Tembeeni mkizungumza mnapopita penye vichaka, na msivue alfajiri wala magharibi. Hakuna hasara kubwa, kwani kwenye baridi hii samaki huchangamka jua likishapasha maji kidogo, kuanzia kama saa nne asubuhi.

Usiku kuna baridi kiasi gani?

Nyanda hizi ziko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari na kupita. Usiku usio na mawingu utaamka ukute sakitu juu ya hema. Begi la kulalia liwe la nyuzi sifuri au chini yake, na chini yake kuwe na godoro, maana baridi ya ardhini ndiyo inayokuamsha saa tisa. Nguo za kulalia ziwe kavu na za kulalia tu: hazionjwi na mto wala na jiko. Pamba ikiloa haikukingi na kitu, chagua sufu.

Kichwa kikigonga kidogo usiku wa kwanza, ni mwinuko. Kunywa maji, acha pombe, usikimbie. Kikizidi na kuandamana na kutapika au kuyumba, teremkeni mara moja.

Tule nini?

Usitegemee samaki. Beba githeri iliyoiva, chapati, mayai ya kuchemsha na majani ya chai. Kwenye mwinuko huu maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharagwe mabichi yatamaliza gesi yako kabla hayajalainika. Jiko la gesi ni lazima, kwa sababu kuni mbichi na ukungu havisikilizani.

Trauti akipatikana, mpasue tumbo, msafishe na umkaushe kwa kitambaa, kisha chumvi, siagi, na kikaango cha moto dakika nne kila upande. Magamba yake ni madogo mno, huna haja ya kuyaparua. Matumbo yasitupwe karibu na hema. Fisi ana pua nzuri.

Niwaachilie au niwachukue?

Chukua mmoja au wawili wa kula jioni, ndani ya kiwango ulichoelezwa, na waliobaki waachilie. Lowesha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na magonjwa. Msimamishe majini akitazama mkondo, umshike bila kumbana, mpaka mashavu yafunguke na kufunga kwa mpangilio na mkia uanze kusukuma. Ataondoka mwenyewe. Picha? Awe ndani ya maji mpaka mwenye kamera awe tayari.

Naweza kwenda na watoto?

Kambini ndiyo. Mtoni wavulie ukingoni, kila mtoto na mtu mzima wake.

Chupa za maji za plastiki zinaruhusiwa?

Hapana. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, pamoja na chupa za maji, vikombe na vijiko. Beba madumu na chupa za kudumu. Maji ya mto yachemshe kabla ya kunywa, hata yakiwa meupe kiasi gani.

Niko Tanzania. Ni lazima nije Kenya?

Trauti walipandikizwa pia katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za Mbeya enzi za ukoloni. Mwongozo wa kutembea majini na wa baridi ni uleule, vibali ndivyo tofauti. Ulizia ofisi ya uvuvi ya wilaya na wasimamizi wa hifadhi husika kabla ya kufunga mizigo.

Nikirudi nivifanyie nini vifaa?

Hema lianikwe siku hiyohiyo, hata kama ni juu ya milango ya nyumba. Viatu, soksi na wavu vioshwe tope lote na vikauke kabisa kabla ya kuingia mto mwingine, ili usihamishe magonjwa ya samaki kutoka Aberdare kwenda Mlima Kenya. Nzi waliotumika waache wazi usiku kucha kabla ya kuwafungia kisanduku, la sivyo ndoano zitashika kutu na zitawaambukiza na wale wapya.